Maji Uliyoyavulia Nguo: Kuhama Sayansi Kwenda Biashara Katikati ya Shahada

Mpwa wangu alinipigia simu usiku, saa ambayo vijana hupiga wakiwa wameshaamua jambo na wanatafuta mtu mmoja wa kulisikia kabla halijafika kwa wazazi. Yuko mwaka wa pili, anasoma biokemia. "Shikamoo mjomba. Nataka kuhamia biashara." Nikaitikia, nikamwacha aseme. Akasema haraka haraka, kama mtu anayesoma hoja alizoziandika pembeni: kemia ya kaboni imemwangusha mara mbili, akiwa maabara anahesabu dakika, na likizo iliyopita alimsaidia rafiki yake kupanga hesabu za duka, jua likazama hana habari. Kisha likatoka lililokuwa linamuuma: "Mama atasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Ni kweli, atasema hivyo. Methali hiyo imewabakiza wengi katika kozi wasizozipenda, na wengine imewasaidia kumaliza kazi waliyotaka kuikimbia kwa uvivu tu. Lakini lugha yetu ina methali nyingine ya maji ambayo, kwa mambo ya shahada, naiona inapiga hesabu vizuri zaidi: maji yakimwagika hayazoleki. Miaka miwili iliyosomwa imeshasomwa. Ada imeshalipwa. Akibaki hairudi, akihama hairudi. Kitu kisichorudi kwa njia yoyote hakiwezi kuwa sababu ya kuchagua njia moja na kuiacha nyingine. Cha kuhesabu ni miaka iliyobaki katika kila njia, na mzigo atakaoweza kuubeba kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Moyo haukubali hivyo kirahisi. Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha jaribio lililofanyika katika ukumbi wa maigizo wa Chuo Kikuu cha Ohio. Watu waliofika kununua tiketi za msimu mzima waligawanywa bila kuambiwa: wengine wakalipa bei kamili, wengine wakapunguziwa. Maigizo yalikuwa yale yale na viti vile vile. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili ndio waliohudhuria zaidi. Fedha iliyokwisha kutoka mfukoni ndiyo iliyowavuta ukumbini. Kama bei ya tiketi ina nguvu hiyo, ada ya miaka miwili ina nguvu gani? Na jina la "daktari wetu" ambalo ukoo mzima ulishaanza kumwita mtoto tangu sekondari, hilo lina nguvu gani?

Kwanza niondoe aibu, kwa sababu aibu huharibu hesabu. Nchini Marekani, kituo cha serikali cha takwimu za elimu kiliwafuatilia wanafunzi walioanza masomo mwaka 2011–12. Ndani ya miaka 3, takriban asilimia 30 ya waliokuwa wameshatangaza fani walikuwa wameibadili angalau mara moja, na karibu mmoja kati ya kumi alikuwa ameibadili zaidi ya mara moja. Kwa walioanza na hisabati katika shahada ya kwanza, waliohama walifika asilimia 52. Kuhama si ajali ya mtu mmoja mwenye kichwa kigumu. Ni jambo la kila siku katika maisha ya chuo.

Takwimu nyingine ya kituo hicho hicho ndiyo ningependa wazazi waitazame kwa makini. Kati ya wanafunzi wa shahada ya kwanza walioingia katika sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kuanzia mwaka 2003, asilimia 48 walikuwa wameshatoka katika fani hizo ilipofika mwaka 2009. Takriban nusu ya hao walihamia fani nyingine. Nusu iliyobaki waliondoka chuoni bila shahada yoyote.

Nyumbani mjadala huwekwa kana kwamba njia ni mbili: amalize sayansi, au ahame. Ipo njia ya tatu, haitajwi mezani, na ndiyo inayomeza wengi: anabaki kwa ajili ya kuwaridhisha watu, anarudia masomo, wastani wa alama unashuka mhula hadi mhula, mkopo unaongezeka, na siku moja harudi chuoni baada ya likizo. Mzazi anayemlazimisha kijana kubaki anadhani analinda shahada ya sayansi. Mara nyingine anahatarisha shahada yenyewe.

Sasa, kwa nini wanaondoka? Jibu la mitaani ni kwamba sayansi imewashinda, wamekimbilia kwenye mteremko. Elaine Seymour na Nancy Hewitt, katika utafiti wao wa mwaka 1997, walizungumza na wanafunzi 335 katika vyuo 7 vya Marekani, wote wakiwa wameingia chuo na alama za juu za hisabati. Waliohama hawakuwa dhaifu kuliko waliobaki. Malalamiko yao yalifanana kwa sehemu kubwa, na kubwa kati ya hayo lilikuwa ufundishaji mbovu: waliohama walilitaja, karibu tisa kati ya kila kumi, na waliobaki nao walilitaja, karibu robo tatu yao. Walikaa katika kumbi zile zile, wakasikiliza mihadhara ile ile. Mmoja aliamua kuvumilia, mwenzake akaamua kwamba uvumilivu wake una kazi nyingine.

Lakini ipo sura ya pili, nami sitaificha kwa sababu inawagusa wengi. Ralph na Todd Stinebrickner waliwafuatilia wanafunzi wa Chuo cha Berea, Kentucky, tangu siku za kwanza, wakiwauliza wanatarajia kufanya vipi katika kila fani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2014, yanaonyesha kwamba vijana huingia na matumaini makubwa mno kuhusu hisabati na sayansi, kisha alama zinapoanza kurudi wanagundua kwamba matumaini hayo yalipitiliza. Alama ni habari. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa anakisia, wa mwaka wa pili amepata ushahidi. Kubadili mawazo baada ya ushahidi ndicho kitu hasa ambacho sayansi inamfundisha, na kumlaumu kwa kulifanya jambo hilo ni kumlaumu kwa kuelewa somo.

Swali gumu ni ushahidi huo ni wa nini. Mtihani mmoja ulioanguka unasema kuhusu uwezo, au kuhusu mhadhiri, au kuhusu mhula ambao mtu alikuwa mgonjwa? Mpwa wangu nilimuuliza hivi: kemia hiyo ingefundishwa na mwalimu unayempenda kuliko wote, ukapata alama za juu kabisa, ungetaka kuamka asubuhi ukaifanye kazi yake kwa miaka 10? Alikaa kimya kidogo, akasema, "Hapana mjomba. Ningefurahia alama tu." Hilo ni jibu. Angesema ndiyo, ningemwambia atafute mwalimu wa ziada na afanye sapu yake, yaani mtihani wa marudio, asiende kokote. Kuna watu wanaacha fani nzima kwa sababu ya somo moja, na inaniuma kila ninapomwona mtu wa namna hiyo, maana somo moja lina mwisho wake, na msaada wake mara nyingi upo mlango wa pili tu.

Baada ya hapo mazungumzo huhamia kwenye ukuta kati ya sayansi na biashara, ukuta ambao tunaamini umekuwepo tangu dunia iumbwe. Haukuwepo. Maelezo ya kwanza yaliyochapishwa ya kutunza hesabu kwa kuandika kila muamala pande mbili, debiti na krediti, yalitoka Venice mwaka 1494 ndani ya kitabu cha hisabati. Mwandishi wake, Luca Pacioli, alikuwa mtawa na mwalimu wa hisabati. Hakuubuni mfumo ule, aliukuta kwa wafanyabiashara wa Venice, lakini aliona mahali pake ni katika hisabati pamoja na aljebra na uwiano. Henri Fayol, Mfaransa ambaye maandishi yake ya mwaka 1916 kuhusu kupanga, kuongoza na kuratibu bado yamo katika masomo ya mwaka wa kwanza ya usimamizi, alikuwa mhandisi wa migodi. Hata Joseph Wharton, aliyetoa fedha za kuanzisha skuli ya biashara katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1881, alijifunza kemia ujanani na akatajirika kwa kusafisha zinki na nikeli.

Wapo na waliohama kabisa njiani. Robert Merton, Mmarekani, alisoma hisabati za uhandisi katika Chuo Kikuu cha Columbia, akaanza masomo ya uzamivu katika hisabati tumizi katika chuo cha teknolojia cha Caltech, na baada ya mwaka mmoja akaacha akaenda chuo kingine cha teknolojia, MIT, kusoma uchumi. Hisabati hakuiacha nyuma. Aliitumia kupanga bei za mikataba ya fedha ambayo thamani yake hubadilika kila dakika, na mwaka 1997 alipokea Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Myron Scholes. Simtaji kwa kusema kwamba kila anayehama atapata tuzo. Namtaja kwa sababu anaonyesha jinsi mzigo unavyobebwa: alibadili swali alilokuwa anajiuliza, vifaa vyake vikabaki mkononi.

Ninayempenda zaidi katika orodha hii ni William Gosset, kwa kuwa kazi yake inakaa katikati kabisa ya ukuta. Alisoma hisabati na kemia Oxford, mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha Guinness huko Dublin. Kiwanda kilitaka kujua shayiri ipi inafaa, lakini majaribio yalikuwa ghali, hivyo sampuli zilikuwa chache: nne, tano, kumi. Njia za takwimu za wakati ule zilitaka sampuli nyingi. Gosset akatafuta namna ya kupata jibu la kuaminika kutoka katika vipimo vichache, akachapisha mwaka 1908 kwa jina la kalamu "Student". Njia hiyo ya takwimu, iitwayo jaribio la t, inafundishwa leo katika maabara za biolojia na katika madarasa ya masoko. Ilizaliwa na swali la gharama.

Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi anabeba nini hasa? Anabeba kalkulasi na takwimu, ambazo wengi wa wenzake wapya watazikimbia. Anabeba mazoea ya kuuliza kipimo kilipatikanaje kabla ya kukiamini. Na anabeba daftari la maabara, ambalo watu hulidharau. Katika daftari hilo hufuti kosa. Unalipiga mstari mmoja ili lisomeke bado, unaandika lililo sahihi, unatia sahihi na tarehe. Mhasibu naye hafuti muamala uliokosewa. Anauandikia muamala wa kuubatilisha, vyote viwili vinabaki kitabuni, na mkaguzi wa hesabu akija baada ya miaka anaona kila hatua. Kijana aliyefundishwa kwa miaka miwili kutokufuta ameshajifunza nidhamu ambayo wahasibu wengine huipata baada ya kuaibishwa na mkaguzi.

Asichobeba nacho kisemwe. Katika sayansi ya mwaka wa kwanza na wa pili, swali huja na jibu moja, na ukikosea unajua umekosea. Darasa la biashara litampa kisa cha kampuni inayoyumba, kurasa 15, takwimu nyingine hazipo, na mhadhiri anauliza: wewe ungefanyaje? Watu watano watatoa majibu matano, na matatu kati ya hayo yatapata alama nzuri kwa sababu yametetewa vizuri. Waliotoka maabara huona huo ni ubabaishaji. Si ubabaishaji, ndiyo hali halisi ya maamuzi yanayofanywa kabla taarifa hazijakamilika. Kuandika kwa kushawishi, kusimama mbele ya watu, kufanya kazi ya kikundi ambamo mwenzako mmoja hajajitokeza wiki nzima na alama ni ya wote, hayo atayaanza chini kabisa. Na kama anahama ili aikimbie hisabati, namwambia mapema: itamkuta. Katika fedha itamkuta mwaka ule ule. Katika masoko itamkuta baadaye kidogo, imevaa nguo za takwimu za wateja.

Nimefika kwenye hesabu yenyewe, na hapa naomba msomaji achukue karatasi. Kila somo lina uzito wake unaohesabiwa kwa uniti, na shahada hutolewa uniti zikitimia. Chukua shahada ya uniti 120, kama ilivyo kawaida Marekani (Ulaya huhesabu uniti 60 kwa mwaka, lakini mantiki haibadiliki). Mwanafunzi ameshapata 60. Watu humwambia, "Ukihama umepoteza miaka miwili." Hapana. Kitivo cha biashara kitazikagua zile 60. Hisabati itapokelewa, takwimu itapokelewa, lugha na masomo ya jumla yatapokelewa, na baadhi ya masomo ya sayansi yataingia kama masomo ya hiari. Tuseme zimepokelewa 35. Zimebaki 85. Upande wa sayansi zilikuwa zimebaki 60, pamoja na masomo aliyoanguka ambayo lazima ayarudie. Tofauti halisi ni uniti 25 au pungufu, yaani chini ya mihula miwili kwa mwendo wa uniti 15 kila mhula. Hiyo ndiyo bei ya kuhama: ada ya mihula hiyo, gharama za kuishi, na mshahara ambao angekuwa ameanza kuupata. Ni bei kubwa, haitaniwi. Lakini si miaka miwili, na wengi wanaogopa kitu kikubwa maradufu ya kilichopo.

Kuna mtego ambao hesabu ya uniti haiuonyeshi, nao huwakamata hata wenye akili. Masomo ya biashara yamefungwa kama pingili za mnyororo. Huwezi kusoma ukaguzi wa hesabu kabla ya uhasibu wa juu, huwezi uhasibu wa juu kabla ya uhasibu wa fedha wa pili, na huo unataka wa kwanza. Kama kila pingili inafundishwa mhula mmoja tu kwa mwaka, basi hata ukibakiwa na masomo manane pekee, huwezi kuyasoma kwa mpigo. Muda wako wa kumaliza unaamuliwa na mnyororo mrefu kuliko yote, si na idadi ya uniti. Na aliyehama wiki tatu baada ya mhula kuanza, akakosa nafasi katika uhasibu wa kwanza, anaweza kuwa amesogeza mahafali yake kwa mwaka mzima kwa ajili ya wiki tatu. Kwa sababu hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayefikiria kuhama huwa wa kawaida sana: kabla hujaandika barua, chukua uhasibu wa kwanza au uchumi wa utangulizi kama somo la hiari ukiwa bado sayansi. Utaonja, na mnyororo utakuwa umeanza kutembea. Ukibaki, hujapoteza kitu.

Yapo maswali mengine ambayo majibu yake hutofautiana chuo na chuo, na lazima yaulizwe kwa kitivo kinachokupokea, si kile unachokiacha. Alama za zamani zinahama pamoja na uniti, au uniti zinahama peke yake? Kwa mwenye alama mbaya za kemia, jibu la swali hilo laweza kuwa tofauti kati ya kuanza upya na kuburuta jiwe hadi mwisho. Ufadhili unafuata mtu au unafuata kozi? Ufadhili mwingine hutolewa kwa wanasayansi tu, na mtu hugundua hilo baada ya kusaini. Majibu yote yawe kwa maandishi. Neno la mdomo la ofisa mwema halina nguvu siku ofisa huyo akiwa likizo.

Na biashara gani? Neno hilo ni pana kama bahari. Hapa nina msimamo, na najua si wote watakaoupenda: anayetoka sayansi asikimbilie usimamizi wa jumla. Shahada ya jumla ya usimamizi ina manufaa kwa mtu ambaye tayari ana kazi au fani anayoisimamia. Kwa kijana wa miaka 21 asiye na hilo, inamwacha ajue kidogo kuhusu kila kitu, na inatupa takriban yote aliyoyabeba kutoka maabara. Fedha, uhasibu, hesabu za bima, uchambuzi wa data, usimamizi wa ugavi: huko miaka yake miwili inaendelea kufanya kazi. Mwanabiokemia nusu anayeelewa gharama za kuhifadhi chanjo kwenye baridi ana jambo la kusema ambalo msomi wa biashara pekee hana, na hata mwanasayansi kamili hana.

Kuhusu mishahara nitapita haraka, kwa sababu watu wanaipa uzito usioistahili katika uamuzi huu. Utafiti wa Lars Kirkebøen na wenzake kuhusu waombaji wa vyuo nchini Norway, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba faida ya kusoma fani fulani inategemea fani ambayo ungeisoma badala yake, na kwamba watu huelekea kuchagua fani ambako wao wenyewe wana nafuu kuliko kwingine. Wastani wa mshahara wa "wanasayansi" na wa "watu wa biashara" haumwambii mpwa wangu kitu kuhusu yeye. David Deming na Kadeem Noray nao waliandika mwaka 2020, wakitumia takwimu za Marekani, kwamba ziada ya mshahara wanayopata waliosoma kompyuta, uhandisi na hata biashara hupungua haraka kadiri miaka ya kazi inavyosonga, maana ujuzi huzeeka na mpya huja. Mshahara wa kwanza, ambao ndio hutajwa katika vikao vya familia, ni sehemu ndogo ya hadithi.

Jambo linalonikera ni kwamba mzigo wote huu tunambebesha kijana, wakati sehemu kubwa imetengenezwa na mfumo. Ofer Malamud alilinganisha sehemu mbili za Uingereza, England na Scotland, katika utafiti wa mwaka 2011. England humtaka mwanafunzi achague fani moja kabla hajaingia chuo. Scotland humwacha asome kwa upana katika miaka ya mwanzo ndipo abobee. Waliosoma England ndio walioelekea zaidi kuishia katika kazi zisizohusiana na fani zao. Ukimfunga mtu mapema, atakuja kujifungua baadaye, kwa gharama kubwa zaidi. Chuo kinachomtaka kijana wa miaka 18 achague kwa kukisia, kisha kinamtoza mwaka mzima siku anapojua, kinapaswa kujiuliza kwa nini takwimu iliyofundishwa kitivo cha sayansi haitambuliki kitivo cha biashara, ukumbi wa pili tu kutoka hapo. Wastani ni wastani. Mkengeuko ni mkengeuko.

Yote haya ni kwa aliye mwaka wa kwanza au wa pili. Kwa aliyebakiwa na mihula miwili au mitatu, mizani inageuka, nami sioni haya kumwambia amalize. Si kwa ajili ya miaka iliyopita; kwa ajili ya ufupi wa iliyobaki. Indra Nooyi alimaliza shahada ya kwanza yenye kemia, fizikia na hisabati, kisha akasoma biashara katika Taasisi ya Usimamizi ya Calcutta, baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2018 aliiongoza PepsiCo, kampuni ya vinywaji na vyakula. Shahada za uzamili za biashara hupokea watu wa fani zote, na huwathamini waliotoka sayansi. Kwa mtu wa mwaka wa mwisho, kumaliza kisha kuvuka humpa shahada mbili kwa muda unaokaribiana na ule wa kuhama na kupata moja. Ila hesabu hii inasimama tu kama kweli anaweza kumaliza. Mwenye masomo manne ya kurudia na usingizi uliokwisha asiambiwe habari za Nooyi.

Wiki iliyofuata mpwa wangu alinitumia picha ya karatasi. Alikuwa ameigawa safu mbili: masomo yaliyobaki akikaa, masomo yaliyobaki akihama. Kando ya kila somo ameandika mhula linapofundishwa na somo linalolitangulia. Kitivo cha biashara kimempokelea uniti 38 kwa barua yenye mhuri. Uhasibu wa kwanza ameshajiandikisha kama somo la hiari kwa mhula ujao. Chini kabisa ameandika kiasi cha ada ya mihula iliyozidi, na pembeni yake, kwa mwandiko mdogo, namna anavyofikiri kuilipa.

Jumamosi ataongea na mama yake. Ameniomba niwepo, na nisiseme neno mpaka niulizwe.